Kuigiza huku ukicheza mpira wa ushindani: mwongozo kamili kwa msichana wa Malindi na mzazi wake

Malindi haina uhaba wa wasichana wenye vipaji viwili. Utamkuta binti wa miaka 15 ambaye mwezi wa tatu anawatoa watu machozi kwenye tamasha la drama, na mwezi wa sita yuko winga ya kulia anamkimbiza beki mpaka kwenye kibendera cha kona. Akifika miaka 17, kipaji kimoja kimeshakufa. Nimeona hivyo mara nyingi, na inaniuma, kwa sababu kipaji chenyewe hakikuwa na kasoro. Hakuna mtu mzima aliyekaa chini akazipanga tarehe.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi, na binti mwenyewe ausome pia. Nimeegemea soka, kwani ndio mchezo ulioshika mizizi kwa wasichana wa Kaunti ya Kilifi. Shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwaingiza viwanjani tangu 2001. Anayekimbia, kuogelea au kucheza voliboli atabadilisha machache tu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kati ya miaka 13 na 18, mchezo ndio unaoweka tarehe, na uigizaji ndio unaofanyiwa mazungumzo. Kikosi cha chini ya miaka 17 kina mlango, na mlango huo hufungwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2024 timu ya Kenya ya wasichana wa umri huo, Junior Starlets, ilicheza Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, na ikaifunga Meksiko 2-1. Aliyekosa kikosi kile kwa sababu alikuwa lokesheni akipiga filamu hatapewa umri ule tena. Lakini nafasi ya kuigiza mama, shangazi au hakimu itamngoja mpaka awe na miaka 40.

Waliofanikiwa kwa yote mawili wanaonyesha mpangilio huohuo. Sonja Henie wa Norwe alichukua dhahabu ya Olimpiki ya kuteleza kwenye barafu mwaka 1928, 1932 na 1936, na baada ya hapo ndipo akaingia Hollywood. Esther Williams alikuwa bingwa wa Marekani wa kuogelea mita 100 mwaka 1939. Vita vilipofuta Olimpiki ya 1940, akageukia sinema na kuwa nyota. Geena Davis alienda kinyume. Alipata Oscar kwanza, akaanza kulenga shabaha kwa upinde akiwa na miaka zaidi ya 40, na mwaka 1999 akafika nusu fainali za mchujo wa timu ya Olimpiki ya Marekani. Upinde humruhusu mtu wa umri huo; soka na mbio fupi hazimruhusu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mchezo wa mwanao una mwisho wa umri gani? Ukiwa na mwisho wa mapema, upe nafasi ya mbele sasa.

Nafasi ya mbele haina maana ya kuwadharau watu wa filamu. Mkataba ukishatiwa sahihi, mazungumzo yamekwisha, ila kwa mwito mkubwa nitakaoutaja mwishoni, na binti afike seti, yaani mahali filamu inapopigwa, hata kama kocha ameongeza mazoezi ya ghafla. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa kabla ya sahihi.

Hatua ya 1: Andika mwaka mzima kwenye karatasi moja

Chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, ibandike jikoni au mahali kila mtu wa nyumbani anapita. Anza na tarehe zisizoweza kusogezwa.

Muhula wa kwanza, Januari hadi Aprili, ndio msimu wa drama za shule. Tamasha la kitaifa la drama lilianza 1959, na siku hizi lina filamu pia. Shule hupanda ngazi kwa ngazi mpaka fainali, ambazo kwa kawaida huwa Aprili. Muhula wa pili ndio wa soka, voliboli na netiboli za shule za sekondari, na timu bora huendelea hadi mashindano ya Afrika Mashariki mwezi wa Agosti. Mchezaji soka ana bahati hapa, maana drama yake na mpira wake haviangukii muhula mmoja. Anayecheza mpira wa kikapu, mpira wa mikono au hoki hana bahati hiyo, kwa sababu michezo hiyo huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na drama. Mzazi wa binti huyo aongee na walimu wote wawili mapema Januari, shule zikifunguliwa tu, kabla hawajagawa nafasi. Ukingoja mpaka Machi, mmoja wao atakuwa ameshaujenga mchezo mzima juu ya mwanao.

Halafu weka Ramadhani. Mwaka 2026 imeanguka Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo kwa miaka michache ijayo itaendelea kukaa ndani ya muhula wa kwanza. Weka mitihani. Weka harusi kubwa za ukoo pia, na usione ni jambo dogo, nitalirudia chini.

Mwisho weka hali ya hewa. Kaskazi ina joto kali, hasa Januari mpaka Machi. Masika huja Aprili, Mei ikizidi, na viwanja vya udongo hugeuka matope. Watayarishaji wengi wa filamu nao huikimbia mvua, kwa hiyo miezi ya kaskazi ndiyo simu zao hulia zaidi huku pwani. Ukilijua hilo, hutashangaa simu ikija Januari.

Hatua ya 2: Karatasi za serikali kabla ya kila kitu

Cheti cha kuzaliwa. Bila hicho binti hasajiliwi timu ya umri, hapati pasipoti, na mtayarishaji makini hatamwandika. Huku kwetu bado kuna watoto wengi waliozaliwa nyumbani ambao hawajawahi kuandikishwa. Ombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uandikishaji wa kuchelewa huhitaji ushahidi wa ziada, kwa hiyo usingoje barua ya mwaliko. Hakikisha jina kwenye cheti, kwenye rekodi za shule na kwenye kadi ya mchezaji linalingana herufi kwa herufi. "Mwanaisha" hapa na "Mwana Isha" pale limewahi kumrudisha msichana nyumbani.

Pasipoti iombwe mapema, na binti aandikwe kwenye bima ya afya ya SHA kupitia mzazi.

Hatua ya 3: Mtu mzima mmoja wa kuzungumza

Kocha akiongea na binti, mwalimu wa drama akiongea na baba, mtayarishaji akiongea na shangazi, basi hakuna anayejua ratiba. Chagueni mtu mmoja, na namba yake ndiyo itolewe kila mahali. Binti asiachiwe kazi ya kuwakatalia watu wazima. Mtoto aliyelelewa kwa adabu ataitikia "ndiyo mwalimu" kwa pande zote mbili, kisha ataumwa na tumbo usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Ujumbe wa simu uwe mfupi na uwe na tarehe. Kwa mfano:

"Kocha, habari za jioni. Mimi mamake namba saba. Binti ana kazi ya kupiga picha Jumamosi tarehe 14 na Jumapili tarehe 15. Jumanne na Alhamisi atakuja mazoezini kama kawaida, na mechi ya tarehe 21 yupo. Nakuomba umruhusu siku hizo mbili. Shukrani."

Kocha akipata ujumbe kama huo wiki mbili kabla, hukasirika kidogo kisha hupanga kikosi. Akiambiwa asubuhi ya mechi, humweka benchi muhula mzima, na ana haki.

Hatua ya 4: Chagua kazi zinazokaa na mchezo

Tamthilia ya televisheni ya vipindi vingi ni kazi ya kila wiki kwa miezi, na mara nyingi hupigwa Mombasa, kama kilomita 120 kutoka Malindi, au Nairobi. Kwa msichana aliye katika ligi au timu ya shule inayopanda ngazi, mimi ningeikataa msimu wa mashindano, hata pesa ikiwa nzuri. Mhusika mkuu wa tamthilia hana mbadala, na mchezaji anayekosa mazoezi wiki baada ya wiki hupoteza pumzi na kasi.

Zilizobaki ni nyingi. Tangazo la biashara hupigwa siku moja au mbili. Filamu fupi huchukua wikendi chache. Mhusika mdogo katika filamu ndefu anaweza kupangiwa matukio yake yote ndani ya siku chache mkilizungumza mapema. Mchezo wa jukwaani wa Desemba unaingia vizuri, kwani ligi nyingi zimepumzika.

Kuna kazi ya sauti pia, na hapa wa Malindi wana mali ambayo hawaitumii. Michezo ya redio, hadithi za kusomwa, na kutia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni huhitaji watu ambao Kiswahili chao kinatoka bila kujikaza, na msichana aliyekulia Shela au Barani analo hilo kutoka kwa nyanya yake. Kazi ya sauti haijali jeraha la goti wala uso uliochubuka, na hufundisha pumzi, matamshi na kusoma mswada kwa haraka. Msimu wa mashindano makali, hiyo ndiyo kazi ya kuigiza ninayoipendekeza.

Njia nyingine ni kuigiza kinachotoka kwenye mchezo wenyewe. Alexi Pappas alikimbia mita 10,000 kwa ajili ya Ugiriki kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akaweka rekodi ya taifa, na mwaka huohuo ikatoka filamu aliyoshiriki kuiandika na kuiongoza, na akaigiza humo akiwa mkimbiaji. Msichana anayeweza kupiga mpira kwa uhakika mbele ya kamera ni adimu. Aliweke hilo juu kabisa kwenye wasifu wake, pamoja na video ya nusu dakika akiuchezea mpira.

Hatua ya 5: Odisheni ya simu, bila kukosa mazoezi

Siku hizi odisheni nyingi za mwanzo, yaani majaribio ya kuchagua waigizaji, hutumwa kwa video. Hili limewasaidia sana wa pwani, maana zamani safari moja ya Nairobi ilikula mazoezi ya siku tatu. Lakini video mbaya huzikwa kabla ya sekunde ya kumi, kwa hiyo fanya hivi.

Tafuta ukuta mtupu. Kama hakuna, tundika shuka la rangi moja, kijivu au buluu iliyofifia. Usitundike leso, maana mtazamaji ataanza kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye leso badala ya kumtazama binti. Simama ukitazama dirisha ili mwanga uangukie uso, saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Simu ilale kwa upana, ikae kwenye usawa wa macho, juu ya kabati au vitabu, isishikwe kwa mkono. Zima feni, kwani kwenye kurekodi huvuma kuliko unavyoisikia. Funga dirisha la upande wa barabara kwa sababu ya tuktuk, na tazama saa usije ukaingiliana na adhana. Mtu wa kumsomea sehemu ya pili asimame karibu na simu, asome kwa sauti ya chini.

Rekodi mara chache, chagua iliyo hai, tuma. Nimewaona wasichana wakirudia mpaka sauti ikakauka, na iliyotumwa mwishoni ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Usirekodi jioni ya siku ya mechi: sauti imekwaruza kwa kupiga kelele uwanjani na macho yamechoka.

Hatua ya 6: Mkataba

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 13, na inaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya kazi ya kumdhuru. Kwa hiyo mzazi anayeuliza maswali hasumbui watu. Mzazi ndiye anayetia sahihi. Usitie siku hiyohiyo. Chukua karatasi, lala nayo, mpe mtu anayejua kusoma mikataba.

Mambo haya yawe kwa maandishi:

– Tarehe zote za kupiga picha, pamoja na tarehe za akiba.
– Tarehe ambazo binti hapatikani: mechi, mitihani, Idi. Ziandikwe moja moja.
– Saa ya kuingia na ya kutoka. Siku ya seti inaweza kuchukua muda wa saa 12 kwa watu wazima. Ya mtoto iwe fupi, na asipigwe picha za usiku kesho yake akiwa na shule au mechi.
– Nani analipa usafiri, chakula na malazi ya binti pamoja na mlezi wake.
– Malipo ni kiasi gani, yanalipwa lini, na siku za kurudia kupiga picha zinalipwaje.
– Matukio ya kuruka, kuanguka, kupigana au kuendesha chombo hafanyi yeye. Goti likipasuka seti, msimu umekwenda.
– Mambo ambayo hafanyi kwa sababu ya dini au maadili ya nyumbani. Kama havui mtandio, iandikwe. Usingoje mbele ya kamera, watu 30 wakimtazama.
– Bima ya ajali kazini.

Omba pia kuona leseni ya kupiga filamu, ambayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inaitaka. Kampuni halali haitaona haya kukuonyesha. Pesa ya binti iwekwe benki kwenye akaunti yake inayosimamiwa na mzazi, na yeye mwenyewe aone karatasi. Nyumba zetu zina mahitaji, najua, lakini msichana anayegundua akiwa na miaka 19 kwamba jasho lake lote liliezeka paa hatakwambia kitu, ataondoka tu.

Hatua ya 7: Usalama wake, na hapa sina lugha ya upole

Malindi ni mji wa watalii, na sote tunajua waliokuja na ahadi za picha, mitindo na filamu huku nia ikiwa kuwaharibu watoto. Odisheni haifanywi chumbani hotelini wala kwenye nyumba ya mtu binafsi ufukweni. Hufanywa ofisini, ukumbini, shuleni, mahali penye mlango wazi na watu wanaopita. Hakuna odisheni ya mtoto inayohitaji picha za nguo za kuogelea kwa WhatsApp. Hakuna "ada ya usajili" ya kulipa ndipo upewe nafasi. Mlezi huwepo seti kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, anaona anapobadilishia nguo, na anarudi naye nyumbani.

Kanuni hizohizo zimhusu kocha. Mazoezi ya faragha ya watu wawili peke yao hapana. Kukandwa misuli chumbani hapana. Kusafiri na timu ya wasichana isiyo na mwanamke mtu mzima hapana, hata kama ni fainali.

Mwambie binti, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba akikwambia jambo hutamwondoa kwenye mchezo wala kwenye kuigiza kama adhabu. Wengi hunyamaza kwa hofu hiyo. Simu ya Childline Kenya ni 116, haitozwi, na Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 iko upande wake.

Hatua ya 8: Wiki yenyewe

Mchezaji wa umri huu akipata vipindi vitatu vya timu, mechi moja na kipindi kimoja cha nguvu za mwili, ametosheka. Siku ya seti ihesabiwe kama siku ya kazi ngumu, usiiite mapumziko: kusimama juani kwa muda wa saa nane huchosha miguu. Siku moja kwa wiki iwe tupu kabisa, hakuna mpira, hakuna mistari ya kukariri.

Alfajiri baada ya swala ndiyo saa nzuri ya kukimbia, kabla joto halijapanda. Wanaotumia ufuo watazame maji kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na tena kuelekea magharibi, na mahali pa kukimbilia hubaki pembamba na mchanga laini unaovuta vifundo vya miguu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi huwa na nafasi zaidi. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo aliyekimbia vizuri Jumatatu saa kumi na mbili asitarajie hali ileile Ijumaa. Mchanga mgumu uliotoka kufunikwa ndio wa mbio. Mchanga laini uwe wa dakika chache za nguvu za miguu.

Kukariri mistari hufanyika vizuri akitembea. Aisome mara mbili usiku, alale, aitamke asubuhi akijinyoosha viungo.

Usingizi ni saa 8 hadi 10 kwa umri wake. Simu ilale sebuleni.

Chakula hakihitaji vitu vya dukani vyenye picha za misuli. Kabla ya mazoezi ya asubuhi, uji au ndizi. Baada yake mayai, au mbaazi za nazi na mahamri. Mchana wali au ugali na samaki, na mboga za majani. Dafu ni zuri baada ya jasho, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, hivyo ale pamoja na kitu chenye chumvi. Akienda seti abebe chakula chake, maana chakula cha seti huja saa yoyote.

Ramadhani: kipindi chepesi saa moja kabla ya magharibi, kisha afuturu na kunywa maji, au kipindi kizito zaidi baada ya tarawehe. Muongozaji aambiwe mapema ili matukio yenye kukimbia na kupiga kelele yapangwe asubuhi. Mtandio uwanjani hauna tatizo, FIFA iliuruhusu rasmi mwaka 2014.

Hatua ya 9: Mwili mmoja, waajiri wawili

Goti kwanza. Wasichana wanaocheza soka huumia kano iliyo katikati ya goti (ACL) zaidi kuliko wavulana, na ikichanika, kurudi uwanjani huchukua miezi tisa au zaidi. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, yasiyohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Yamethibitishwa kupunguza majeraha yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki. Kocha asipoyafanya, binti afike mapema ayafanye mwenyewe.

Kichwa: akigongwa, akaona kizunguzungu, akasahau au akatapika, anatoka uwanjani na harudi siku ile. Na haendi seti kesho yake pia. Taa kali na kukariri vinaumiza ubongo uliotikiswa.

Uso na mikono: matukio mawili yanayofuatana kwenye filamu yanaweza kupigwa kwa siku zilizoachana wiki mbili, na lazima afanane. Msuko usibadilishwe kati ya siku za picha. Siku za kupiga picha zikikaribia ajikinge na jua, kofia na mafuta ya kukinga. Sasa narudi kwenye harusi: binti akipakwa hina na piko Ijumaa kwa harusi ya dadake, Jumatatu muongozaji ana msichana wa shule mwenye mikono ya bibi harusi, na haifutiki. Mwambieni somo, yaani kungwi, mapema, binti apakwe miguuni tu. Hereni pia zisiwe za kudumu, kwani sheria za soka haziruhusu mapambo, hata yakifunikwa kwa bandeji.

Dawa ni jambo linalowaponza watu wa fani zote mbili. Mtu wa filamu akimwambia "punguza kidogo", binti hukimbilia chai ya kupunguza unene au vidonge vya kutoa maji mwilini. Vidonge vya kutoa maji vimepigwa marufuku michezoni wakati wote, na baadhi ya chai hizo zimewahi kukutwa na sibutramine, ambayo nayo imekatazwa kwenye mashindano. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zina kikomo siku ya mashindano. Miraa na muguka vina cathine, iliyomo pia kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Orodha hiyo ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, hubadilishwa kila Januari, na ADAK, wakala wa Kenya wa kazi hiyohiyo, ndiyo inayoisimamia hapa nchini. Kila daktari aambiwe neno moja: "Mimi ni mchezaji."

Na kuhusu kupunguza unene: msichana anayekimbia kila siku huku akijinyima chakula huharibu mifupa yake. Hedhi ikikatika miezi mitatu, au akifika miaka 15 haijaanza, aende kwa daktari. Filamu inayotaka mtoto ajinyime chakula ikataliwe.

Hatua ya 10: Shule

Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari ya juu, na mojawapo ya mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani yake yamo masomo ya Maigizo na Filamu, na ya Michezo na Burudani. Kwa mara ya kwanza msichana kama huyu anaweza kusomea vyote viwili darasani. Lakini si kila shule inafundisha mkondo huo, na iliyouandika kwenye fomu huenda haina mwalimu wala uwanja. Tembelea, uliza nani anafundisha, uone uwanja kwa macho yako. Kwa wale wa mfumo wa zamani, mwaka wa KCSE kazi za kuigiza zisimame kuanzia muhula wa pili, na mpira ubaki wa timu ya shule pekee.

Tarehe zikigongana hata hivyo

Itatokea. Mvua imesogeza mechi, au mtayarishaji amepoteza siku. Jiulize kwanza ahadi ipi ilitolewa kwa maandishi, maana hiyo hushinda mechi ya kawaida ya ligi. Haishindi fainali ya kanda au mwito wa kikosi cha taifa. Mwito huo ukija, mpigie mtayarishaji saa ileile, usitume ujumbe, na usiende mikono mitupu. Mpelekee mapendekezo: matukio ya binti yapigwe yote siku mbili kabla hajaondoka, au yale ya kumwonyesha kwa mbali yachukuliwe na msichana mwingine mwenye umbo lake na msuko wake, au sauti yake irekodiwe kambini kwa simu, chini ya blanketi, ipachikwe baadaye. Nimewahi kuona muongozaji akisogeza siku kwa ajili ya mchezaji aliyemwambia ukweli Jumatatu. Mara nyingi husikilizwa yule aliyepiga simu akiwa na tarehe mpya mkononi, kwa hiyo kaa na karatasi ya mwaka mbele yako kabla hujabonyeza namba.